Unataka kuanza biashara ya kufunga sauna Tanga? Anza na zile zilizokufa

Watu wakisikia nafunga sauna, yaani chumba cha mbao chenye joto kali la kutoa jasho, na naishi Tanga swali ni lilelile, joto lote hili la mwezi wa pili nani alipie aongezewe jingine. Wanaolipia wapo, tena sio wachache. Kuna hoteli za Raskazone na za ufukweni Pangani, Ushongo huko, ambako mgeni anatoka Ulaya na kwao sauna ni kitu cha kila wiki. Finland peke yake ina watu kama milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kupita milioni 3, na UNESCO iliuingiza utamaduni wao wa sauna kwenye orodha ya urithi mwaka 2020. Kuna Lushoto, ambayo ni mkoa wetu huuhuu ila iko juu mita kama 1,400, mwezi wa saba kule blanketi moja halitoshi, na lodji za kule zina wateja wanaotoka kupanda milima wamechoka miguu. Kuna majimu yanayoanza kuchipuka mjini. Alafu kuna wateja ambao mafundi wengi hawawafikirii kabisa, kina mama wenye saluni za maharusi. Pwani hii bibi harusi anasingwa kwa liwa, anafukizwa, anakaa ndani siku kadhaa anatengenezwa, na mwaka 2020 wakati wa korona nusu ya nchi ilikuwa chini ya shuka inajifukiza nyungu. Kwa hiyo watu wetu wanajua kutoka jasho kwa makusudi, hilo halihitaji kufundishwa.

Vijana wengi wananiuliza waanzeje na wengi wao tayari wamefungua simu wanaangalia hita za kuagiza nje. Nawaambia acheni kwanza. Usiagize kitu. Zunguka kwenye hoteli, magesti makubwa na nyumba za watu wenye nafasi uulize kama kuna sauna isiyofanya kazi, utashangaa. Utafunguliwa mlango ukute mapipa ya rangi, mopu, viti vibovu na neti za zamani zimerundikwa juu ya mabenchi mazuri ya mbao. Mwenye nyumba alitumia hela nyingi, ikafanya kazi msimu mmoja au miwili, ikazima, aliyeifunga hapokei simu, ikageuzwa stoo. Hiyo ndo shule yako na ndo mtaji wako, mana hapo huagizi kontena wala hukopi, unahitaji mita ya umeme, mega (kile kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja), bisibisi na akili iliyotulia. Na kila sauna mfu ukiifungua inakuonyesha kosa la aliyejenga, ukishaona kumi za namna hiyo hakuna darasa litakalokufundisha zaidi.

Tatizo nalolikuta mara nyingi kuliko yote ni hili, mwenye hoteli anakwambia fundi, kila nikiwasha breka inaruka, hita imeungua. Mara nyingi haijaungua. Ndani ya elementi, zile fimbo za hita zinazopata moto, ule waya wa joto umezungushiwa unga wa magnesia na ule unga una tabia ya kuvuta unyevu. Hita ikikaa miezi bila kuwashwa kwenye hewa ya bahari kama yetu unyevu unapenya kwenye ncha za elementi, umeme unaanza kuvuja kidogo kwenda kwenye bodi ya chuma, ELCB (ile swichi inayokata umeme ukivuja) inaona inaruka. ELCB inafanya kazi yake sawasawa, na kuna mafundi dawa yao ni kuitoa wakaunga moja kwa moja, hiyo ni kumuua mtu aliyekaa uchi amelowa jasho, usifanye hata siku moja. Chomoa elementi moja moja, hita ya kilowati 6 kwa kawaida inakuwa nazo tatu za kilowati 2, pima kila moja kwa mega kati ya ncha na bodi yake ya nje. Iliyoshuka ikaushe taratibu kwenye oveni masaa kadhaa, iache ipoe, pima tena. Ikipanda rudisha, isipopanda nunua mpya. Na kitabu cha hita kisome, kila mtengenezaji ana maelekezo yake juu ya ELCB na juu ya umbali wa mbao kutoka kwenye hita, vile vipimo sio mapambo.

Ukimaliza mkabidhi mteja na sharti, hita iwashwe angalau mara moja kwa wiki hata kama hakuna mgeni. Sauna ya pwani inauawa na kutotumika.

Sasa tuje kwenye kujenga mpya, na hapa nitakaa kidogo mana ndo hela inapopotea. Wateja wanaangalia hita na mbao zinazoonekana, mi naangalia kilicho nyuma ya mbao. Mpangilio wenyewe ni fremu ya mbao, katikati yake sufi ya mwamba (rockwool, ya kuzuia joto lisitoke) milimita 50 mpaka 100 (dari ipewe zaidi, joto linapanda), juu yake karatasi ya alumini upande unaong'aa ukitazama ndani ya chumba, kila maungio yapigwe tepu ya alumini pasiachwe hata tundu la kupita sindano, alafu vipapi vya kuacha nafasi ya hewa sentimita 2 hivi, ndo mwisho mbao zinazoingiliana ulimi na mfereji. Ile alumini ikikosekana au ikichanika mvuke unapita, unakutana na ukuta wa tofali wa baridi, unageuka maji, na baada ya mwaka sufi imelowa na fremu imeoza wakati kwa mbele mbao bado zinapendeza.

Kuna kitu kinatusumbua sisi huku ambacho vitabu vya Ulaya havikisemi, mchwa. Fremu inataka mbao, mchwa wanapenda mbao, na fundi wa kawaida jibu lake ni mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani kijani tunazopaulia. Ndani ya sauna hapana! Dawa nyingi za aina hiyo zina shaba, kromiamu na aseniki, na hicho sio kitu cha kukipasha joto kwenye chumba ambacho mtu anavuta pumzi kwa nguvu. Mi nafanya hivi, sakafu inapigwa dawa ya mchwa chini kabisa kabla ya zege, alafu fremu natumia mtiki. Tuna bahati mkoa huu, shamba la mitiki la Longuza lipo hapo Muheza, na mtiki wenyewe una mafuta yake ya asili mchwa hawaupendi. Ila mtiki usiuweke kwenye benchi. Ni mbao nzito na mbao nzito ikishika joto inaunguza ngozi, benchi linataka mbao nyepesi, laini, isiyo na utomvu wala vifundo. Msonobari wa kawaida wa kutoka Sao Hill una utomvu, kwenye nyuzi 90 ule utomvu unatoka unadondoka kama nta ya moto kwenye mgongo wa mgeni. Kwa mabenchi naagiza, abachi au aspeni, mbao kidogo tu hazizidi mzigo wa pikapu. Skrubu zote ziingie kutokea chini ya benchi, chuma kisiguse mwili, na ziwe stenlesi mana chumvi ya hewa ya Tanga inakula msumari wa kawaida mpaka unaacha michirizi myeusi kwenye mbao. Vanishi usipake ndani hata tone.

Umeme. Hapa ndo dili nyingi zinavunjika kwa sababu mtu ameuza hita kabla ya kwenda saiti. Kanuni ya kuanzia ni kilowati 1 kwa kila mita moja ya ujazo (ya kukadiria tu, mwisho angalia kitabu cha hita, nyingi zinabeba zaidi kidogo ya hapo), na kila mita ya mraba ya kioo au ukuta wa tofali usiozibwa sufi unaihesabu kama umeongeza mita 1.2 za ujazo. Chukua chumba cha mita 2 kwa 1.5 urefu wa kwenda juu 2.1, hiyo ni 6.3. Weka mlango wa kioo wa mita za mraba 1.3, unaongeza kama 1.6, unafika karibu 8, hita nyingi za kilowati 6 bado zinakubali hapo. Sasa bosi anakwambia ule ukuta wa nyuma wa mawe uache wazi unapendeza kwenye picha. Ukuta huo ni mita 2 kwa 2.1, yaani 4.2, zidisha 1.2 unapata 5, ghafla unahesabu 13 na unahitaji hita ya kilowati 9. Kilowati 6 kwenye laini moja ya volti 230 inavuta ampea 26, unaibeba kwa waya wa mm 6 na breka yake peke yake. Kilowati 9 kwenye laini moja ni ampea 39, hapo unaongelea kuomba fezi tatu TANESCO, kusubiri, kubadilisha mita. Ukuta mmoja wa picha umemgharimu mteja fezi tatu, mwambie mapema kwa namba, wengi wanaelewa wakiona hesabu.

Na pima volti jioni, sio saa nne asubuhi. Kwenye vijiji vya mwisho wa laini barabara ya Pangani volti ikishuka ikafika 200 ile hita ya kilowati 6 inatoa 4.5 tu, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Mgeni anasubiri weee chumba hakifiki joto linalotakiwa, lawama zote kwa fundi. Mteja akiuliza LUKU mwambie ukweli, kupasha dakika 40 na kutumia saa moja kwa hita hiyo ni uniti 7 au 8, kwa bei ya T1 (ile ya matumizi ya kawaida) ya karibu shilingi 356 kwa uniti haifiki elfu tatu. Watu wanaogopa sauna kama inakunywa umeme wa kiwanda, ukiwafanyia hesabu wanatulia.

Huko ambako umeme haueleweki kuna hita za kuni, nzuri sana, joto lake mi nalipenda kuliko la umeme. Lakini ukifika ukakuta banda la makuti, kataa kazi. Nasema kataa. Bomba la moshi linatoa cheche na makuti makavu hayasubiri, na ufukweni upepo upo muda wote. Mteja akiwa serious ajenge kibanda cha bati pembeni, mbali na makuti yake.

Mawe nayo. Kuna mtu atakwambia Tanga mawe yamejaa kwa nini tuagize. Mawe yetu ya huku Amboni na Pongwe ni ya chokaa, ya ufukweni ni matumbawe, yakipigwa moto na kumwagiwa maji yanabomoka unga na mengine yanapasuka. Nunua yanayouzwa pamoja na hita, yapange kwa kulegea hewa ipite katikati ya elementi, na kila mwaka yatoe yote utupe yaliyopasuka.

Mama mmoja wa Ngamiani mwenye saluni aliniita nimfungie sauna, tukaongea bei, mwishoni akaniambia "mwanangu, mi nataka ule moshi uonekane, bibi harusi asipouona atasema nimemla hela yake." Nikamwambia mama, basi wewe unataka chumba cha mvuke, ni kazi nyingine kabisa. Sauna ni nyuzi 80 mpaka 90 hewa kavu na mbao, chumba cha mvuke ni nyuzi 45 hivi hewa imelowa mia kwa mia, kuta za tailizi, dari lenye mteremko ili matone yasimdondokee mtu kichwani, na mashine ya kuchemshia maji inayokaa nje. Na maji ya kisima chenye chumvi yanaijaza mashine ukoko wa chokaa haraka. Nilimfungia cha mvuke. Muulize mteja anataka kuhisi nini kabla hujataja bei, hasa huku kwetu.

Makaratasi sitaongea sana, jina BRELA, TIN ya TRA, leseni ya biashara ya halmashauri, na leseni ya ufundi umeme ya EWURA, kama huna leseni hiyo ungana na mwenye nayo asaini kazi. VETA Tanga ipo, usione haya kurudi darasani.

Kwenye hela mi nachukua asilimia 70 mbele kwa sababu vifaa nalipia kwa dola na hita ikishaagizwa hairudi, 20 fremu na alumini vikiisha, na hapo namwita mteja aje aone kwa macho yake kabla sijafunika mbao, napiga picha kila maungio namtumia Whatsapp. Asilimia 10 ya mwisho baada ya kuwasha nikiwepo, mara tatu, siku tofauti. Alafu kuna mkataba wa matunzo, huu ndo unaokulisha miezi ambayo hakuna kazi mpya: kila miezi mitatu nakaza vituo vya waya (vinalegea kwa kupata joto na kupoa), napima elementi kwa mega naandika namba kwenye daftari la saiti, naangalia sensa ya juu ya hita, naangalia kizuizi cha mbao kinachozunguka hita, napiga msasa mabenchi, nahakikisha mlango unafunguka kwa nje bila komeo wala kufuli, na kibao kipo ukutani: dakika 10 mpaka 15 kwa awamu, maji ya kunywa, usiingie umelewa, mwenye presha, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito aongee na daktari kwanza, na marufuku kuanika taulo au khanga juu ya hita. Hicho cha mwisho kiandike kwa herufi kubwa, wahudumu wa usafi ndo wanaoanika.