Akaunti za Utani Kwenye Mitandao Isiyo na Mmiliki Mmoja: Fahamu Haya Kabla ya Kuleta Malalamiko

Malalamiko ya aina moja yamekuwa yakiongezeka kwenye dawati letu hapa Mwanza. Mtu amesoma kitu kwenye mtandao wa kijamii wa Mastodon au Bluesky, mwandishi wake ana jina la ajabu na picha ya mnyama, naye anatutaka "tuifunge" akaunti hiyo. Wengi huja na skrinshoti peke yake. Nimeona ni vyema nieleze kwa maandishi, maana maelezo haya nayatoa dirishani karibu kila siku.

Nianze na mama mmoja anayenunua dagaa mwaloni Kirumba na kuwapeleka mikoani. Alikuwa akifuatilia akaunti inayojiita Sangara Mzee. Mwenye akaunti huandika kana kwamba ni sangara anayeishi Ziwa Victoria chini ya Jiwe la Bismarck: anasimulia jinsi wazazi wake walivyoletwa ziwani humu miaka ya 1950 bila kuulizwa, anawasema wanaovua kwa makokoro (nyavu za kukokota), anauliza maswali kuhusu bei. Watu wanampenda. Siku moja "Sangara" huyo akatangaza dagaa wabichi kwa bei ya chini, oda kwa kianzio, pesa zitumwe kwa simu. Mama akatuma.

Aliponipa simu nilimwomba afungue akaunti yenyewe, si picha yake. Zilikuwa mbili. Jina moja, picha ileile ya samaki, lakini anwani baada ya alama ya pili ya @ zilitofautiana. Moja ilikuwa na maandishi ya miaka miwili. Nyingine ilifunguliwa wiki ileile. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Na mwezi ulikuwa mpevu. Nilitakiwa kushtuka." Kila anayefanya biashara mwaloni anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi hupumzika na bei hupanda. Anayeuza dagaa wabichi kwa bei ya kutupa wakati huo ana la kueleza.

Mastodon haina makao makuu ambako akaunti zote zinasimamiwa. Ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, kijana wa Ujerumani, na tangu 2018 kanuni ya mawasiliano inayoitwa ActivityPub imepitishwa na W3C, chombo cha kimataifa cha viwango vya wavuti. Inafanya kazi kama barua pepe: kila seva, yaani kompyuta inayohifadhi akaunti za watu, ina msimamizi wake na sheria zake, lakini mtu wa seva hii anasomeka na kujibiwa na mtu wa seva ile. Ndiyo maana anwani ina sehemu mbili. Jina linaloonekana kwa maandishi makubwa mtu hulibadilisha anavyotaka, hata mara kumi kwa siku. Jina la seva halibadiliki hivyo. Kwa hiyo usisome jina, soma anwani nzima. Anayedai kuwa ni ofisi ya serikali atoe linki inayothibitishwa kwenye tovuti inayoishia .go.tz, Mastodon huionyesha linki iliyothibitishwa kwa rangi ya kijani, na Bluesky humruhusu mtu kutumia anwani ya tovuti yake kama jina. Picha ya ngao ya taifa si uthibitisho. Nimeshasema hili mara nyingi mno.

Sasa kuhusu utani wenyewe. Wapo wanaoamini kwamba mjadala mzuri ni ule wa watu wenye majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Sikubaliani nao, na naamini Msukuma yeyote aliyewahi kusimama uwanjani Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, hatakubaliana nao. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wamechezeana na kutupiana maneno kwa vizazi, na kiongozi wa ngoma anajulikana kwa jina lake la ngoma. Jina hilo hulilinda, kwa sababu akiimba uongo leo, mwaka kesho hapati watazamaji. Utani una adabu yake: mtani anajua kwamba natania, na waliosimama pembeni wanajua pia. Sangara Mzee wa kweli ana sifa hiyo. Chini ya maandishi yake kuhusu makokoro nimesoma wavuvi wa Ukerewe na wachuuzi wa Igoma wakibishana kuhusu ukubwa wa matundu ya nyavu kwa hoja na kwa uzoefu, bila tusi. Mtu humwambia samaki jambo ambalo asingemwambia afisa uvuvi.

Utani unapoharibika ni pale alama ya kuonyesha kwamba ni utani inapoondolewa, msomaji akabaki hajui kama anacheza au anaarifiwa. Kuhusu ajali za majini siwezi kuwa mpole. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na zaidi ya watu 200 wakafa. Ndugu zao wako miongoni mwetu na wana simu. Akaunti ya utani isitangaze kivuko kimepata hitilafu, isikisie idadi ya watu, isiweke picha ya zamani. Samaki anyamaze siku hiyo.

Kisheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haikatazi jina la utani. Kifungu cha 15 kinakataza kujifanya mtu mwingine, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya faida iliyopatikana isivyo halali, kutegemea kipi ni kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kifungu cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa mtu akijua ni za uongo, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma: faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Kifungu cha 23, cha unyanyasaji kwa njia ya mtandao, kina kiwango hichohicho. Zingatieni neno "isiyopungua". Hicho ni kiwango cha chini.

Ukiwa na malalamiko, nakili kwanza linki ya andiko na anwani kamili ya akaunti, pamoja na tarehe na saa. Skrinshoti ni nyongeza tu. Kisha bonyeza sehemu ya kuripoti ndani ya programu. Kama akaunti iko kwenye seva nyingine, Mastodon itakuuliza kama nakala ya ripoti ipelekwe huko pia. Kubali, jina lako halitaonyeshwa kwa seva hiyo. Msimamizi anaweza kuipunguzia akaunti usomaji, kuisimamisha, au kuikatia mawasiliano seva nzima. Hatua hiyo ya mwisho huwagusa na wasio na hatia, kwa hiyo wasimamizi hawaichukui haraka. Andiko likifutwa, agizo la kulifuta hupelekwa kwenye seva nyingine, lakini nakala inaweza kubaki mahali. Pesa zikihusika, usisubiri msimamizi: piga simu kwa mtandao uliotumia kutuma, peleka ujumbe na namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na kumbukumbu ya muamala. Kutuletea sisi ombi la "kuzima Mastodon" ni kupoteza siku yako.

Na wewe unayeendesha akaunti ya utani, andika kwenye wasifu kwamba ni utani. Kama inajiandikia yenyewe kwa programu, washa alama ya akaunti inayojiendesha. Ipo kwenye mipangilio. Usiwaambie watu siri kwa ujumbe wa faragha wa Mastodon, msimamizi wa seva ana uwezo wa kuusoma.

Yule mama alimwandikia Sangara Mzee mwenyewe, yule wa miaka miwili, akamweleza kilichompata. Wasifu wa akaunti hiyo sasa una mstari mpya, juu kabisa: "Mimi ni samaki. Siuzi samaki."