Hilo goti halijateguka, na wiki mbili hazitoshi

Jumatatu nimepigiwa simu tena na mjomba wa mchezaji, winga wa timu moja ya FUFA Women Super League, ligi kuu ya wanawake hapa Uganda, jina la timu naliacha. Musawo (ndivyo wanavyoniita, yaani mganga wa timu), mtoto aliteguka goti Jumamosi, tumeshamkanda, wiki mbili si atakuwa sawa? Kuna mechi ya maana inakuja. Hii ni simu ya ngapi msimu huu sijui, niliacha kuhesabu. Nimeshika miguu ya hawa wasichana tangu ligi ikiitwa Elite League na makundi yake mawili ya Elizabeth na Victoria, na kama kuna maneno ningeweza kuyapakia basi la usiku yakavuka mpaka wa Busia yasirudi ni hayo, limeteguka tu, wiki mbili.

Nikamwambia mlete. Kaletwa na boda, amekaa upande, goti limefungwa bandeji nzito mpaka vidole vya mguu vimekuwa baridi. Nikamuuliza ulikwatuliwa na nani? Hakuna. Alikuwa anakimbia na mpira pembeni, akataka kukata ndani, mguu ukabaki chini mwili ukageuka, akasikia pap, akaanguka. Refa hajapuliza kwa sababu faulo haipo, benchi lao wanapiga kelele inuka inuka unatuchelewesha. Watu wanadhani jeraha kubwa lazima ugongwe, kumbe ACL nyingi, ile ligamenti ya ndani ya goti inayozuia ugoko usiteleze mbele, zinachanika hivyo hivyo, hamna mtu karibu, ni kusimama ghafla, kugeuka au kutua vibaya baada ya kuruka. Pap, kuanguka peke yake, halafu goti linavimba kabla hata mechi haijaisha, mimi hayo matatu yakikutana sihitaji kuambiwa zaidi. Na uvimbe wa haraka hivyo, ndani ya saa moja mbili, sio "maji yamejaa" kama mnavyosema, mara nyingi ni damu. Nyinyi mnachukua goti lenye damu ndani mnalikanda kwa maji moto na chumvi usiku kucha.

Nilimlaza, nikapinda goti kidogo tu, kama digrii 20 au 30, mkono mmoja kwenye paja, mwingine umeshika ugoko kwa juu, nikavuta mbele. Goti zima ukilivuta hivyo linagota, kama droo imefika mwisho. La kulia liligota. La kushoto ugoko ulikuja tu, laini, haukugotea popote. Yeye mwenyewe alihisi tofauti, akaniangalia usoni, mimi nikajifanya natafuta tepu kwenye begi.

Mjomba akasema, lakini anatembea! Sasa kutembea mpaka dukani kunahitaji ACL ya nini? Kwenda moja kwa moja unaweza bila hiyo, wengine hata kukimbia mstari ulionyooka wanaweza baada ya wiki chache, ndio maana kocha anaona dawa imefanya kazi. Ile ligamenti kazi yake iko pale kwenye kugeuka na kusimama, yaani mpira wenyewe. Halafu akatoa eksirei, wamelipia, iko safi kabisa. Lazima iwe safi, eksirei inaonyesha mfupa na hakuna mfupa uliovunjika, ligamenti inatafutwa kwa MRI, ile picha inayoonyesha mpaka nyama laini, au kwa mikono ya mtu anayejua anachofanya.

Ile wiki mbili mimi inaniuma kwa sababu nimeshaona mwisho wake. Msimu uliopita kiungo mmoja alirudishwa uwanjani wiki ya saba, waunga mifupa walimwambia mshipa umerudi mahali pake, mimi sikuulizwa. Dakika ya kumi na kitu hivi goti likaachia, likaenda pembeni, na safari hii likaondoka na meniskasi, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti. Ligamenti unaweza kutengenezewa nyingine, lakini meniskasi iliyosagika na gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa) iliyokwanguka ndizo zinazomfanya binti wa miaka 19 awe na goti la bibi yake. Kila goti linapoachia ujue kuna kitu kinaliwa ndani.

Ukweli ni miezi. Ukifanyiwa upasuaji, kurudi kwenye mechi hesabu isipungue tisa. Wanorway waliwafuatilia wachezaji wakaona kila mwezi unaosubiri, mpaka ufike wa tisa, hatari ya kuumia tena inapungua kama nusu. Alexia Putellas, kiungo wa Hispania, alichanika Julai 2022 mazoezini, siku moja kabla Euro haijaanza kule Uingereza, akarudi mwisho wa Aprili 2023, hapo ana Barcelona nzima nyuma yake na madaktari wa kila kiungo cha mwili. Kama yeye ilimchukua karibu miezi kumi, wa kwetu anayelala hosteli wanne chumba kimoja mnampaje siku 14? Na tarehe peke yake haitoshi, aruke kwa mguu mmoja nipime, mguu mbovu ufike angalau asilimia 90 ya mzima, halafu ndio tuzungumze. Kuna watu mwezi wa tisa wananiletea paja limekonda kama mwiko wa kusongea posho (ugali) wanataka fomu ya kuruhusiwa. Sisaini.

Inayofuata kwa kunikera ni ile ya "wasichana wameumbwa na magoti mabovu, utafanyaje". Ni kweli wanachanika ACL zaidi ya wanaume, mara mbili au zaidi, na mwili una mchango wake, lakini watu wanasema hivyo ili wasifanye kitu. Uswidi walichukua wasichana zaidi ya 4,500 wa miaka 12 mpaka 17, wengine wakapewa mazoezi ya dakika 15 mara mbili kwa wiki, kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti lisiingie ndani, vitu hivyo tu, na ACL zikapungua kwa asilimia 64 ukilinganisha na wale ambao hawakufanya. Ilichapishwa 2012! FIFA wana yao inaitwa 11+, haina gharama, haitaki mashine, dakika 20 imeisha. Sasa nenda uangalie timu zetu zinavyopasha, raundi mbili za uwanja, kujinyoosha kidogo, dua, picha ya pamoja, mpira unaanza. Mimi kila kocha namwambia kitu kimoja mpaka wananikimbia, misuli ya nyuma ya paja, nyuma ya paja, nyuma ya paja. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo, jishushe mbele taratibu usianguke kama gunia. Inauma siku tatu za mwanzo, vumilia.

Na msinisahaulishe uchovu. Ligi yetu inabebwa na shule, Kawempe Muslim, Uganda Martyrs, Rines, Olila, Amus College, msichana yule yule anacheza ligi, anacheza mashindano ya shule ambako kunaweza kuwa na mechi kila siku, anaitwa timu ya taifa ya vijana, anarudi anafanya mtihani. Olila wakitoka Soroti kuja Kampala wanakaa kwenye basi masaa na masaa, wanashuka wanavaa njumu, nyingine za mitumba ya soko la Owino zilizomzidi namba, halafu goti likichanika dakika ya 80 mnasema amerogwa.

Haya hizi nyingine haraka haraka. Hedhi haimzuii mtu kucheza, haimvurugi kizazi wala "damu haipandi juu", kama tumbo linauma sana apewe dawa, kama haliumi acheze. Mpira haumfanyi mtu tasa, Alex Morgan wa Marekani alijifungua Mei 2020 na mwaka uliofuata alikuwa Olimpiki Tokyo, na tangu Januari 2021 sheria za FIFA zinampa mchezaji mwenye mkataba likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 kwa mshahara wa theluthi mbili, kwa hiyo ule mtindo wa kumtimua aliyeshika mimba uishe. Nikapu ya goti, ile soksi ya kubana kutoka famasi, haishiki ligamenti, inashika joto. Sindano ya maumivu kabla ya mechi inaondoa maumivu tu, jeraha liko pale pale linakungoja.

Moja sipiti haraka, eti hedhi ikikatika ndio mwili umekuwa fiti. Nimeisikia kwa kocha mwanamke, nikakaa chini. Ikikatika miezi mitatu na mimba hakuna, mara nyingi kwa mchezaji maana yake anachokula hakifiki anachokichoma, mwili umeanza kuzima taa vyumba visivyo vya lazima, na mifupa inadhoofika kimya kimya mpaka siku ugoko unapata ufa bila kugongwa. Huyo anahitaji chakula na daktari, anakuja mazoezini na chai ya rangi tumboni unategemea nini. Wasichana wangu wanaandika tarehe nyuma ya daftari, na mimi nauliza bila aibu, kama ninavyouliza kifundo.

Yule winga tumempata mtu wa kusaidia MRI, anasubiri zamu. Kwa sasa anabana paja goti likiwa limenyooka, sekunde tano, kumi mara tatu, anasema inachosha kuliko mazoezi ya kocha. Mjomba kapiga tena jana jioni, kwa upole safari hii, eti angalau dakika ishirini za mwisho kama wanaongoza? Nikamwambia msimu ujao, na hata huo ujao si mwanzoni. Kanyamaza kidogo halafu akasema sawa musawo, ngoja niongee na yule mzee wa kukanda.