Kupima redio kwa oskileta aliyoiunda baba

Miongoni mwa vyombo nilivyorithi kwa marehemu baba, aliyekuwa fundi redio hapa Mikindani, ninachokitumia zaidi ni oskileta aliyoiunda mwenyewe, yaani chombo cha kutoa mawimbi ya redio ya kupimia. Transista mbili, moja ya mawimbi na nyingine ya mlio, pamoja na koili na kapasita ya kuzungusha, alizitoa katika redio mbovu akazifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga, ili bati lizuie mawimbi yasivuje ovyo. Alama nyekundu ya rangi ya kucha inaonyesha kilohezi 455, masafa ya kati ya redio nyingi za AM, yaani masafa ambayo redio hugeuzia kila stesheni ndani yake kabla ya kuikuza.

Alama hiyo siitumii kabla ya kuihakiki. Oskileta ya namna hii huhama kwa joto na unyevu, na hewa yetu ya pwani hula viungo vya lehemu mpaka vikaota kutu ya kijani. Kwa bahati njema, saketi inayotoa kilohezi 455 hutoa pia mawimbi dhaifu kwenye 910 na 1365, yote ndani ya bendi ya AM. Basi naiwasha, naiacha itulie, kisha naweka karibu redio ya namba inayosogea kwa kilohezi 1, nikiwa nimeifungua kwenye 910. Nazungusha taratibu mpaka mlio ufikie kilele, halafu nautafuta kwenye 1365. Hatua hii ya pili nasihi isirukwe kamwe, kwani oskileta iliyohama mpaka 910 yenyewe haitasikika kwenye 1365. Nikikuta alama imehama, siifuti. Nachora nyingine pembeni ili nijue chombo kinaelekea upande gani.

Baada ya hapo, mzingo wa waya uliounganishwa na oskileta, ukiwekwa karibu na fimbo ya feraiti (antena ya ndani) ya redio ya mteja, unatosha. Hakuna haja ya kuunganisha waya kwenye saketi. Kisha narekebisha koili za masafa ya kati, zinazotambulika kwa rangi za vichwa vyake, mpaka mlio ufikie kilele: naanza na nyeusi, narudi nyeupe, namalizia njano, kwa bisibisi ya plastiki, maana ya chuma huvuruga koili yenyewe. Mzingo nausogeza mbali mpaka mlio usikike kwa shida, kwa sababu mlio ukiwa mkubwa redio hujipunguza yenyewe na kuficha kilele. Koili hizi huvutana, hivyo nazirudia zote tatu, kisha naziziba kwa nta zisije zikalegea redio ikisafirishwa kwa pikipiki hadi Nanyamba.