Jamani, iacheni kabureta

Pikipiki ya zamani inawaka vizuri asubuhi. Unatembea nayo, injini inashika joto, halafu inaanza kumisi, inakohoa, inazima. Unapiga kiki mpaka jasho linakutoka, wapi. Mwenye nayo anatoa hukumu palepale: kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imeziba. Anaifungua, anaipuliza, anairudisha, anapiga kiki moja, injini hiyo inanguruma. Basi anaamini ameimaliza kazi. Safari inayofuata inazima tena, na sasa ananiletea mimi nimsafishie kabureta "vizuri zaidi".

Hukumu hii nimeisikia mno, na ya wiki hii ndiyo iliyonikalisha niandike. Nimeletewa pikipiki ambayo jeti yake, kile kipande cha kabureta chenye tundu la kupitishia petroli, imechokonolewa kwa waya wa chuma mpaka tundu limepanuka. Jeti ni shaba nyeupe, laini, na tundu lake limepimwa kwa sehemu ndogo sana za milimita. Mwenyewe alikuwa na tatizo moja ambalo halikuwa la kabureta. Sasa anayo mawili, na la pili kweli ni la kabureta, limeletwa na waya.

Mbona basi iliwaka baada ya kusafishwa? Kwa sababu kuitoa kabureta, kuipuliza na kuirudisha kunachukua nusu saa au zaidi, na katika muda huo injini imepoa. Kilichotibu ni ile nusu saa. Ungekaa kivulini bila kushika spana, ingewaka vilevile. Watu hawalioni hili kwa kuwa mikono yao ilikuwa kazini muda wote, na sifa zote zinakwenda kwa mikono.

Kinachokufa kwa joto, mara nyingi, ni upande wa moto, yaani umeme unaotoa cheche ya kuwasha petroli: kondensa (kikopo kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) au koili (nyaya zilizosokotwa za kukuza volti). Mfumo wa pointi (swichi ndogo inayofunga na kufungua umeme) na koili ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Uliingia kwenye magari ya Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910, na hata Honda CB750 ya 1969 bado ilikuwa na pointi. Pointi zikiwa zimefunga, umeme unapita kwenye koili na kujenga usumaku. Kamu, kipande chenye kinundu kinachozungushwa na injini, inapozifungua, umeme unakatika, usumaku unaporomoka, na kuporomoka huko ndiko kunakozaa zile volti elfu nyingi zinazoruka kwenye plagi. Lakini lazima umeme ukatike ghafla. Ukisitasita, volti hazifiki.

Kondensa ipo kwa ajili hiyo. Inaupokea umeme pointi zinapoachana ili usiruke katikati yake. Kihami chake cha ndani kikizeeka kinavujisha, na kikipata joto kinavujisha zaidi. Hapo umeme unawaka kwenye pointi badala ya kwenye plagi. Fungua kifuniko cha pointi injini ikiwa inanguruma, uangalie gizani: ukiona pointi zinawaka mfululizo kwa mwanga mkali, na nyuso zake zimeungua na kuchimbika, mshuku kondensa kabla ya kitu kingine chochote. Koili nayo ina nyaya nyembamba mno. Ukiwepo mkatiko mdogo, joto linautanua, baridi inaurudisha. Kwa wenye magneto, ile inayojitengenezea umeme wa cheche bila betri, kazi ni nzito zaidi, kwa sababu katika nyingi za zamani kondensa imo ndani ya sehemu inayozunguka, huifikii bila kuifungua magneto yote.

Najua jibu linalokuja: "Moto nimeuangalia, upo." Umeuangalia wapi? Umechomoa plagi, ukaigusisha hedi ya injini, ukapiga kiki, ukaona cheche. Hiyo ni cheche ya hewani. Ndani ya silinda mchanganyiko umebanwa, na gesi iliyobanwa inadai volti nyingi zaidi ili cheche ivuke mwanya uleule. Cheche nyekundunyekundu inayoruka vizuri nje inaweza isiruke kabisa ndani. Tumia plagi ya kupimia yenye mwanya wa milimita 5 au 6. Ikiruka hapo, nyeupe au bluu, kwa mlio unaosikika, tutakuwa tunaongea lugha moja. Ishike mbali na tundu la plagi, maana mvuke wa petroli unaotoka humo unashika moto. Na wenye magneto, msipige kiki huku waya wa plagi unaning'inia bila kugusa bodi. Volti zisizo na pa kwenda zitatoboa kihami cha ndani.

Sasa, kabureta inaharibika, sikatai. Lakini ikiwa na kosa inalionyesha kwa namna yake. Kwenye kabureta ya slaidi, yenye kizibo kinachopanda ukivuta mafuta, kila sehemu ina zamu yake: sailensa (injini ikinguruma bila kuvuta mafuta) mpaka thumni, yaani moja ya nane, ya mkono wa mafuta ni jeti ndogo, kutoka thumni mpaka robo ni mkato wa slaidi, robo mpaka robo tatu ni sindano, kupita hapo ni jeti kubwa. Bandika utepe kwenye mkono wa mafuta, weka alama za robo, kisha tembea barabarani pasipo na magari. Ikimisi ukivuta nusu, iwe gia ya pili au ya nne, mlimani au tambarare, nitaifungua kabureta mwenyewe kwa furaha. Ikimisi popote ulipovuta mafuta, lakini inachagua injini ikiwa ya moto, au inapobeba mzigo, au resi zikipanda, rudi kwenye moto. Jaribio hili halina gharama, na sijui kwa nini watu wanakimbilia bisibisi kabla yake.

Petroli nayo ina visingizio vyake vya kweli. Kitundu cha hewa cha kifuniko cha tenki kikiziba, pikipiki itazima njiani hivihivi na kufufuka baadaye. Legeza kifuniko, usikilize kama hewa inavutwa. Ethanoli inayochanganywa kwenye petroli inaila mipira ya zamani. Haya yanaangaliwa kwa dakika chache.

Mwanya wa pointi: pikipiki nyingi za Uingereza ni milimita 0.35 hadi 0.40, Honda za wakati ule 0.3 hadi 0.4. Kisigino cha pointi kikilika, mwanya unapungua, pointi zinachelewa kufunguka na taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, inachelewa nazo. Kwa hiyo mwanya kwanza, taimingi baadaye, usigeuze. Taimingi iliyochelewa inachoma ekzosi mpaka inageuka bluu, na huyo mwenye pikipiki atakwambia tena kabureta.

Yapo ambayo vitabu vinayasema kwa uhakika kuliko ninavyoweza mimi. Rangi ya plagi, kwa mfano. Kwa petroli ya leo isiyo na risasi siiamini kama wazee wetu walivyoiamini. Kondensa inaweza kupimwa ikiwa baridi na kusoma vizuri, karibu mikrofaradi 0.2, kisha ikufie barabarani. Hata mpya kutoka dukani huwa siiamini mpaka itembee ikiwa ya moto. Na nikibadilisha kondensa, pointi na plagi kwa pamoja na ugonjwa ukaisha, siwezi kuapa ni kipi kilikuwa mgonjwa. Ndiyo maana nabadilisha kimoja kimoja, hata mteja akinung'unika.

Kwa hiyo itakapozima ikiwa ya moto, usiipe nafasi ya kupoa. Legeza kifuniko cha tenki. Chomoa plagi: kavu maana yake petroli haifiki, imelowa maana yake petroli ipo na moto ndio haupo. Pima cheche palepale, chuma kikiwa bado kinaunguza vidole. Mfukoni beba kondensa moja, ni ndogo kuliko kidole gumba. Na ukimpelekea fundi, mwambie aitembeze mpaka izime ndipo aipime.