Gundi iliyo ndani ya kizima moto cha erosoli

Maelezo mengi kuhusu kizima moto cha erosoli, yaani kinachozima kwa moshi wa chembe laini, huanza na unga wa potasiamu naitreti, kisha gundi inayoshikanisha unga huo hutajwa kwa sentensi moja. Mimi huanza na gundi, kwa kuwa ndiyo inayonisumbua zaidi maabara. Kipande kigumu cha unga na gundi kinapowashwa, naitreti hutoa oksijeni, gundi huungua kwa oksijeni hiyo, na moshi unaotoka hubeba chembe laini mno za chumvi za potasiamu ambazo hunasa radikali (vipande vya molekuli vinavyoungana upesi na vingine) za hidrojeni na hidroksili zinazoendeleza mwako. Kwa maneno mengine, gundi ndiyo kuni ya kizima moto hicho.

Dekstrini, inayotokana na wanga, ina oksijeni karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo haidai naitreti nyingi ili iungue yote. Adui yake ni maji. Niliwahi kuacha kipande chake mezani siku za unyevunyevu. Nilipokigusa ukingoni kiliacha unga kidoleni, na nilipokiwasha, moto ulipenya kwenye ufa nisioutambua mapema na kuruka kwa kishindo badala ya kula safu baada ya safu. Sheleki, utomvu wa wadudu wanaofyonza matawi ya miti, hustahimili maji vizuri zaidi, ila hulainika joto linapokaribia nyuzi 75 za Selsiasi, jambo lisilokubalika karibu na injini, na fungu moja mara nyingi halifanani na jingine.

Resini ya fenoli, iliyotengenezwa viwandani, ikishakomaa kwa joto haiyeyuki tena. Hata hivyo, oksijeni yake ni takriban asilimia 15 tu ya uzito, na anayeiongeza ili kipande kiwe kigumu zaidi bila kuongeza naitreti hupata masizi na kaboni monoksidi, gesi ambayo sipendi kuiona katika chumba chenye watu. Epoksi, gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa, hunipa nafuu nyingine: humiminwa ikiwa kimiminika na kuganda bila kuhitaji tanuri, ingawa muda wa kuichanganya ni mfupi na mapovu ya hewa yakibaki ndani huleta balaa lilelile la ufa.

Ndiyo maana kabla ya kuwasha kipande chochote kipya hukipima uzito, hukiweka siku kadhaa katika kabati la unyevu, kisha hukipima tena nione kama kimenyonya maji.