Je, Wajua Kwa Nini Mtungi wa Maji Ukipanda Bei Twahisi Tumedhulumiwa?

Asubuhi mtungi wa lita 20 ulikuwa shilingi 20. Adhuhuri mchuuzi yule yule, na mkokoteni ule ule, alitaka 50. Mtaani kwetu Majengo, Mombasa, mfereji ulikuwa na siku ya tatu hautoi hata tone. Bi mkubwa mmoja jirani yangu aliinama, akafungua kifuniko cha mtungi wa manjano, ile mitungi ya mafuta ya kupikia, akachungulia ndani, kisha akauliza: "Mwanangu, maji haya si yale yale ya asubuhi?"

"Ni yale yale, mama. Lakini leo wanaoyataka ni wengi."

Akalipa. Hakuibiwa, hakudanganywa, wala hakuna aliyemshika mkono. Hata hivyo sote tuliokuwa pale na mitungi mitupu tuliona dhulma imepita mbele ya macho yetu. Imetokea wapi, ikiwa muuzaji ametaja bei na mnunuzi ameridhia?

Nyanya zikipanda bei soko la Kongowea baada ya mvua kuharibu mashamba, twanung'unika lakini hatumwiti mama muuzaji dhalimu. Twajua naye kazinunua ghali. Kumbe moyo haukasirishwi na bei peke yake; huuliza bei imepandishwa na nini.

Mwaka 1986 watafiti watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa Kanada maswali ya namna hii. Duka la vifaa huuza sepetu za kuondolea theluji kwa dola 15. Usiku theluji ikaanguka kwa wingi, asubuhi mwenye duka akapandisha hadi dola 20. Ni haki? Asilimia 82 walisema si haki. Lakini walipoulizwa kuhusu muuza mboga aliyeongezewa senti 30 na muuzaji wa jumla, naye akawaongezea wateja senti 30 zile zile, asilimia 79 walikubali. Mtu wa Vancouver anayesukuma theluji na mtu wa Majengo anayesubiri mfereji wanapima kwa mzani mmoja: gharama yako nitakusaidia kuibeba, lakini shida yangu usiifanye mtaji.

Wanazuoni waliliona jambo hili zamani. Thomas Aquinas, mtawa na mwanafalsafa wa Italia wa karne ya 13, aliandika kwamba muuzaji akipata hasara kwa kuachana na kitu chake, anaweza kuitia hasara hiyo kwenye bei. Lakini mnunuzi akiwa na haja kubwa sana na kitu hicho, haja hiyo si sababu ya kupandisha bei, kwa kuwa haikutoka kwa muuzaji, na mtu hauzi kisichokuwa chake. Kwangu mimi hili ndilo jibu la swali la bi mkubwa. Maji yalikuwa ya mchuuzi. Kiu ilikuwa ya bi mkubwa, naye akailipia shilingi 30.

Upande wa pili wapo wanaosema bei ndiyo huita maji: mtungi ukifika 50, wenye mikokoteni wa mitaa mingine watakuja, na uhaba utapungua. Hoja hii ina uzito, na katika Uislamu, dini ya wengi wetu huku pwani, ina historia. Imepokewa katika hadithi kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume awawekee bei, naye akakataa, akisema Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuweka bei. Lakini kuhodhi chakula ili kingoje bei kulikatazwa. Baadaye Ibn Taymiyya, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1328, alieleza kwamba bei iliyopanda yenyewe, kwa uchache wa bidhaa au wingi wa watu, haina lawama; ila wenye bidhaa ambayo watu hawawezi kuishi bila hiyo wakikataa kuuza mpaka kwa bei ya kuumiza, walazimishwe kuuza kwa bei ya mfano, yaani ile inayolipwa kwa kawaida. Kiswahili nacho kina neno lake kwa mtu wa aina hiyo: mlanguzi.

Je, mchuuzi wetu ni mlanguzi? Nilimuuliza kwa upole. Alisema siku hiyo alipanga foleni kwa muda wa saa nne kwenye kisima cha mtu, na mtungi aliuziwa 35. Kwa hivyo angalau 15 ya nyongeza ile ilikuwa gharama ya kweli, na iliyobaki ilikuwa kiu yetu. Hasira yangu ikagawanyika nayo.

Sehemu kubwa zaidi ya hasira hiyo ina mahali pengine pa kwenda. John Rawls, mwanafalsafa Mmarekani aliyeandika mwaka 1971, alitaka haki ipimwe kwanza kwenye mipango ya jamii kabla ya tabia za mtu mmoja mmoja: ungeupanga vipi mji kama hujui utazaliwa kwenye nyumba yenye kisima na tangi, au kwenye chumba cha kupanga chenye mfereji mkavu? Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji matamu. Twategemea chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, Baricho kule Kilifi, na Marere kule Kwale. Visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50. Hata kwa bei ya siku njema, asiye na mfereji hulipa shilingi 1,000 kwa maji hayo, yaani mara kadhaa ya alipavyo mwenye bomba linalotoa. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na deni hilo halidaiwi mkokoteni.

Mchuuzi alipomaliza kuuza alifunga mitungi yake kwa kamba, akabakisha mmoja uliojaa. Nilitaka kuununua. Akasema huo ni wa nyumbani kwake. Kwao mtaa wa Bangladesh, kule Jomvu, mfereji ulikuwa umekauka kabla ya wetu.