Mdahalo wa ufufuo: acha kaburi lisubiri, anzia 1 Wakorintho 15

Wengi wanaotetea ufufuo hukimbilia kaburi tupu. Mimi nashauri ufungue kwanza 1 Wakorintho 15:3-8. Huo ndio ushahidi wa zamani kuliko wote tulio nao, na hata wanahistoria wasioamini wanaukubali kuwa ni wa mapema sana.

Piga hesabu. Yesu alisulubiwa mwaka 30 au 33. Paulo aliandika barua hii akiwa Efeso, karibu mwaka 54, kabla ya Injili zote nne kwa hesabu ya wasomi wengi. Ila maneno yenyewe yalikuwepo kabla yake: "niliwatolea ninyi hapo mwanzo yale niliyoyapokea." Kupokea na kutoa ndivyo walimu wa Kiyahudi walivyoeleza mafundisho yaliyorithishwa. Sasa yasome kwa sauti: ya kuwa alikufa, ya kuwa alizikwa, ya kuwa alifufuka, ya kuwa alimtokea Kefa, yaani Petro. Hiyo "ya kuwa" mara nne imo kwenye Kigiriki vilevile; ni maneno yaliyopangwa ili yakae kichwani. Tena yana msamiati usio wa Paulo. "Thenashara", yaani wale wanafunzi kumi na wawili, halipo kwingine kokote katika barua zake, na "kama yanenavyo maandiko" limekaa mahali ambapo yeye kwa kawaida angesema "imeandikwa".

Aliyapata wapi? Wagalatia 1:18-19 inasema alikaa kwa Kefa Yerusalemu siku 15, akamwona na Yakobo ndugu yake Bwana. Hiyo ni miaka ya 30 bado, na wote wawili wamo kwenye orodha ya waliotokewa na Yesu katika aya hizo. Siwezi kuapa kwamba aliyapokea siku hizo, lakini aliwajua watu aliowataja.

Hapa ndipo watetezi huharibu: "Tuna mashahidi 500!" Hatuna. Tuna shahidi mmoja, Paulo, anayesema walikuwepo zaidi ya 500, bila jina wala mahali. Uzito uko kwenye maneno "wengi wanaishi hata sasa", yaani waliweza kuulizwa. Wingi wa nakala za Agano Jipya nao unathibitisha maandishi yamehifadhiwa, hauthibitishi tukio. Na usijenge hoja juu ya Marko 16:9-20: aya hizo hazimo katika Codex Sinaiticus wala Codex Vaticanus, nakala kongwe za Biblia ya Kigiriki za karne ya 4. Mpinzani akikushika hapo, hata hoja zako nzuri zitatiliwa shaka.

Mpinzani aliyesoma hatakataa kwamba wanafunzi waliona kitu. Gerd Lüdemann, msomi Mjerumani wa Agano Jipya aliyekana ufufuo waziwazi, alikubali kwamba Petro na Paulo walipata maono, akayaeleza kwa huzuni na hatia. Kwa hiyo swali si tena kama waliamini, ni nini kiliwafanya waamini. Jibu langu hukaa juu ya Yakobo. Yohana 7:5 inasema ndugu zake Yesu hawakumwamini. Baadaye tunamkuta Yakobo akiongoza kanisa la Yerusalemu, na Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anasimulia alivyouawa kwa kupigwa mawe mwaka 62. Huzuni ya mfuasi haimwelezi vizuri mtu ambaye hakuwa mfuasi.

Kaburi linakuja baada ya hapo. Ukiambiwa waliosulubiwa hawakuzikwa, taja kisigino cha Yehohanan, Myahudi aliyesulubiwa karne ya 1, kilichopatikana Yerusalemu mwaka 1968 ndani ya sanduku la mifupa, msumari wa chuma ukiwa bado umekwama mfupani. Mtu mmoja hatoshi kuonyesha desturi, ila anatosha kuonyesha kwamba iliwezekana.

Kwenye mihadhara na ndugu zetu Waislamu mpangilio hubadilika, kwa kuwa Qur'ani, an-Nisaa 157, inakana kusulubiwa kwenyewe. Hapo anza na kifo: Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo, anaandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pilato, enzi za Tiberio. Lakini kabla hujamtaja, kubalianeni kama mnapima kwa mizani ya historia au ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Msipokubaliana, kila mmoja atajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.